MJADALA: Binti kalelewa na mjomba, baba kaibuka siku ya posa. Mahari apokee nani?

Wakuu habari za jioni. Hapa Makambako kuna posa inataka kutugawa ukoo mzima. Binti kalelewa na mjomba wake tangu ananyonya, kasomeshwa kwa hela ya viazi, hata cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo wa mama. Barua ya posa imeingia tu, upande wa baba kutoka Rungwe hao hapa, eti damu haipotei, ng'ombe waende kwao, mjomba apewe blanketi lake kama mjomba yeyote yule. Mi nasema baba ni aliyelea. Wanaobisha karibuni.

Ndizi_Tukuyu: Mkuu mi ni wa hukohuko Rungwe na wanatuaibisha. Swali ni moja tu, huyo baba alipeleka ng'ombe kwa kina mama wa binti? Kwetu mtoto anafuata ng'ombe, kama hakupeleka hata mguu anadai nini. Halafu hii habari ya damu ndo kila kitu sijui mmeitoa wapi, zamani Unyakyusa vijana wa rika moja walikuwa wanajenga kijiji chao, wanalala huko, kula ndo wanarudi kwa mama zao, mtu alijulikana kwa wenzake wa rika sio kwa baba tu.

Karani wa zamani: Hata tamko la sheria za mila la 1963, tangazo la serikali (GN) namba 279, lilisema mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama. Baba akimtaka amuoe mama yake, au alipe shilingi 100 kwa baba wa huyo mama kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mia wakuu! Na kwa taarifa yenu, Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa ni halali hata mahari isipotoka, kwahiyo wasiwatishe.

Mama Kijana Iringa: Mnashangilia mapema. Mtoto bila upande wa baba anaweza kuolewa na ndugu yake asijue, posa huku wazee wanaulizana koo mpaka za bibi, watajibu nini? Na mali je? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto kwenye mali ya mzazi, sasa nyie mkimfukuza baba leo kesho nani atamtambulisha binti kule? Mjomba apokee sawa, ila baba akae kikaoni.

Mkinga halisi: Nimekulia Makete kwa bibi, wazazi waliondoka na UKIMWI, na darasani tulikuwa wengi hivyo. Mpaka utafiti wa VVU wa 2022-23 mkoa wetu wa Njombe ndo ulikuwa juu nchi nzima kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mkisema familia ni baba, sisi tuandike nini kwenye fomu? Bibi alinipa jina, akanipa shamba, akanichapa. Wengine niliwasikia kwenye hadithi.

Ndizi_Tukuyu: Akanichapa 😂 hilo ndo cheti chenyewe

Mleta mada: Mama Kijana, la koo umenishika, hilo tutawauliza vizuri. Ila kwenye ng'ombe sirudi nyuma. Jana ndo tumemuuliza binti, wiki nzima tunagombana hakuna aliyemkumbuka, kasema ng'ombe wafungwe kwa mjomba, baba aje kanisani akae mbele akitaka. Rungwe wamekasirika. Kikao jumamosi, mwenye hoja ya kumjibu binti ailete kabla ya hapo.