Massey Ferguson 135: oili inapanda kwenye kijiti cha kupimia, presha inashuka

MpungaCheju

Asalaam alaykum mafundi. Tunalo trekta la zamani, Massey Ferguson 135, injini Perkins AD3.152 ya silinda tatu, linachimba na kuburuga bonde la Cheju. Asubuhi likiwa baridi geji ya oili inasimama vizuri. Likishapiga kazi muda wa saa mbili juani, sindano inalala kwenye 15 hata ukilivutia mafuta yote. La ajabu, oili haipungui, inapanda. Tuliijaza mpaka alama ya juu, wiki haijaisha imeshapita alama kwa upana wa kidole. Maji ya rejeta hayapungui na moshi ni wa kawaida. Fundi mmoja anasema metali za kranki (beringi zake) zimekwisha, tufungue injini. Mwengine anasema tutie oili nambari 50, ile nzito, tumalize kuburuga. Kipi sahihi?

FundiWete

Waalaykum salaam. Kwanza lizimeni. Oili haizaliani ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikipanda kuna kitu kimeingia, na kwa injini hii ni maji au dizeli. Maji yangeifanya iwe kama chai ya maziwa, na rejeta ingepungua. Basi imebaki dizeli. Chovya kijiti, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya shashi, liache robo saa. Oili nzima huacha doa jeusi lililokusanyika. Yenye dizeli hutandaza duara jengine jepesi nje ya lile doa. Na uinuse, harufu haijifichi.

Dizeli ina njia tatu za kufika humo. Ya kwanza ni diaframu ya ile pampu ndogo ubavuni mwa injini, yenye mkono wa kupampu. Inaendeshwa na kemshafti na tumbo lake liko wazi kuelekea ndani ya injini, kwa hiyo diaframu ikipasuka dizeli inamwagika moja kwa moja kwenye sampu. Ya pili ni sili ya shafti ya pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli, CAV DPA, inayoingia kwenye gia za taimingi. Ya tatu ni nozeli (kipuliza dizeli cha silinda) inayodondosha, lakini hiyo ingekupa moshi mweupe na silinda moja kukosa, nawe hujataja hayo.

Kuzitenganisha mbili za mwanzo hakuhitaji kufungua kitu. Tangi la 135 liko juu ya injini, dizeli inashuka yenyewe hata trekta likiwa limezimwa. Liegeshe mahali palipo sawa, subiri oili ishuke yote, pima na utie alama kwenye kijiti. Usiku mmoja acha koki ya tangi wazi, usiku wa pili uifunge. Usiliwashe katikati. Ikipanda usiku wa koki wazi na kutulia usiku wa koki kufungwa, anza na pampu ndogo. Ikiwa haipandi ila trekta likiwa kazini, ishuku zaidi sili ya DPA.

Kuhusu presha: Perkins wanataka 30 hadi 60 psi injini ikiwa moto na mzunguko uko juu. 15 ni mbaya, ila oili iliyochujuka kwa dizeli haiwezi kukuambia hali ya metali. Usifungue injini kwa kipimo hicho. Lakini usiendelee kuburuga nayo pia, maana metali ambazo leo ni nzima ndizo zitakazoliwa kesho.

DumuLaLitaTano

Nambari 50 inamdanganya anayetazama geji tu. Sindano itapanda, dizeli itaendelea kuingia, na asubuhi oili nzito itachelewa kufika juu kwenye roka zinazosukuma vali. Kwa joto letu tia 15W-40 ya dizeli, daraja la API CF au CF-4, au SAE 30 tupu. Na hizo geji za zamani si za kuaminiwa bila kuhakikisha: azima geji ya mkono ya fundi, ifunge kwenye mkondo wa oili, linganisha.

MpungaCheju

Tumefanya. Karatasi imetoa duara. Koki wazi, oili imepanda kiasi cha milimita tatu usiku mmoja. Koki imefungwa, haikusogea. Sasa tukishabadilisha pampu ndogo, tuisafishe injini kwa dizeli kabla ya kutia oili mpya?

FundiWete

Dizeli tena? Hapana. Kwanza thibitisha pampu ikiwa mkononi: tia mpira wa dizeli kwenye mdomo wa kuingilia, ziba wa kutokea kwa kidole, pampu mkono, tazama upande wa wenzo unaokaa ndani ya injini. Tone likitoka hapo, pampu imekwisha. Kwa umri wa trekta hilo bora pampu nzima kuliko diaframu peke yake, kwani hata pini ya wenzo huwa imelika. Gasketi iwe mpya.

Kisha washa mpaka ipate uvuguvugu tu, zima, mwaga oili yote, acha idondoke nusu saa. Filta mpya. Kama yako ni ile ya kikombe, chokoa mpira wa zamani kwenye mfereji wake kwa kitu kisichokwaruza. Watu hupandisha mpira mpya juu ya ule wa kale, kisha injini inatema oili yote kwa dakika chache. Sampu na filta huchukua karibu lita 7. Tia 6, pima, malizia kidogo kidogo. Vuta kizimio kinachokata dizeli, piga stata kwa vipande vya sekunde kumi mpaka sindano inyanyuke, ndipo uwashe.

Litakataa kuwaka kwa sababu ya hewa. Pampu kwa mkono, ukilegeza skrubu ya filta ya dizeli, kisha ya ubavuni mwa DPA, kisha ya juu yake, kila moja mpaka povu liishe. Mwisho legeza nati za mirija kwenye nozeli na upige stata.

Oili hiyo imwagwe tena baada ya saa 25 za kazi, kisha kila saa 100. Presha ikibaki chini na oili ni safi, angalia springi ya vali ya presha na chujio la ndani ya sampu kabla ya kuzungumza metali. Injini ya 135 ni sehemu ya kiunzi cha trekta. Kuishusha sampu kunataka trekta lishikiliwe vizuri, si kazi ya pembeni ya konde.

KarakanaChake

Niongeze la chujio la hewa, kwani mkono ukiwa ndani hugharimu kidogo. Bakuli lake hutiwa oili ileile ya injini mpaka mstari, basi. Ikizidi, injini inaivuta na inaweza kukimbia hata ukivuta kizimio. Hapo ni kuziba hewa kwa ubao, si kwa kiganja. Kuchimba kavu kabla ya masika lifunguliwe kila siku, waya zake zioshwe kwa dizeli zikauke. Tope likikaa chini ya bakuli kwa unene wa sentimita moja, limwage. Na likienda kulala baada ya msimu, badilisha oili kabla ya kuliegesha: ile chafu ina asidi, na unyevu wa hapa visiwani hauipi metali nafasi.