Mrejesho: Wale watoto wangu wa kusinzia kwenye rozari

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo? Ni mimi wa Masasi, niliyeuliza nifanyeje na watoto wanaoitikia misa vizuri Jumapili, halafu nyumbani ni ugomvi, uongo, na rozari wanasinzia.

Mlioshauri nipunguze urefu, asanteni sana. Sasa tunasali fungu moja tu la rozari, yale ya Salamu Maria kumi, kabla ya chakula cha usiku, na watoto wanapokezana kuongoza. Kitinda mimba akishika zamu hasinzii ng'o. Nia anataja mwenyewe; juzi kamwombea mbuzi wa jirani. Nikaitikia.

Lakini kilichofanya kazi kweli ni Utoto Mtakatifu, kile chama cha kimisionari cha watoto Wakatoliki. Katekista aliwaeleza kwamba Askofu Charles de Forbin-Janson alipouanzisha Ufaransa mwaka 1843, aliwaomba watoto Salamu Maria moja kwa siku na senti kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Basi wangu wametoboa kopo la maziwa, limekuwa kibubu. Msimu huu wanamwokotea korosho bibi jirani, Mwislamu, ambaye mgongo hauinami tena. Wanamnyonyolea mabibo, ndoo wanaiacha mlangoni. Akiwapa mia mbili, inaingia kibubuni. Na sikuwatuma!

Uongo umepungua, hasa kwa mkubwa. Ugomvi wa nani aoshe vyombo uko palepale, mwenye dawa aseme.

Sasa wa pili anajiandaa kwa komunyo ya kwanza na anaogopa kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri; anadhani padri atamsemea kwangu. Wa kwenu mliwaelezaje?