Miksi ya Tim ya The Replacements ilikuwa uzembe, na miaka 38 kuirekebisha ni dharau

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

The Replacements, bendi ya rock ya Minneapolis, Marekani, walianzia Twin/Tone, lebo ndogo ya mjini kwao. Mwaka 1984 wakatoa albamu ya Let It Be kwa pesa za kuungaunga, na gitaa zinakwaruza masikio inavyotakiwa. Wakachukuliwa na Sire, iliyokuwa chini ya Warner. Sasa pesa ipo, studio ipo, na prodyuza ni Tommy Erdelyi, yaani Tommy Ramone, aliyepiga ngoma kwenye albamu za mwanzo za bendi ya punk ya Ramones. Mwaka 1985 ikatoka albamu ya Tim.

Halafu kwenye miksi, yaani kule kusawazisha sauti za vyombo na mwimbaji, tukapewa nini? Ngoma za Chris Mars zinasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Besi ya Tommy Stinson uitafute kwa tochi. Sauti ya Paul Westerberg imezamishwa kwenye mwangwi hadi maneno yanapotea. Prodyuza aliyekuwa mpiga ngoma ndiye aliyezika ngoma! Marehemu Erdelyi namheshimu, ila hapa alitukosea. Na si yeye peke yake, maana kuna mkubwa pale kwenye lebo aliyesikiliza hiyo kitu akasema sawa, ipelekwe kiwandani.

Miaka yote tumeambiwa bendi ile walikuwa walevi, mlitegemea nini. Basi mwaka 2023 fundi wa miksi Ed Stasium akapewa tepu zile zile, akamiksi upya kwa ajili ya toleo la Tim liitwalo Let It Bleed. Wapigaji hawakuitwa kurudia chochote. Wekeni "Bastards of Young" ya zamani, kisha hiyo mpya. Ngoma inakupiga kifuani! "Left of the Dial" ndiyo usiseme, gitaa zimeachana, kila moja unaisikia inakokwenda. Kumbe walevi walipiga vizuri siku zote.

Kinachoniuma zaidi ni mpiga gitaa wao, Bob Stinson. Nyimbo alizopiga humu ni chache, na ndiyo albamu yake ya mwisho na bendi. Mwaka 1986 wakamtimua, mwaka 1995 akafariki. Hakuisikia albamu hii ikiwa imemiksiwa kama watu.

Sisemi ingeuza mamilioni. Iliishia nafasi ya 183 kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani, na vituko vya kwenye kipindi cha TV cha Saturday Night Live Januari 1986 walivifanya wenyewe, wakapigwa marufuku huko. Hilo ni lao. Lakini tepu zilikuwepo muda wote kwenye stoo za kampuni, na waliozishika waliona ni sawa kutuuzia ule uji, kwanza kwenye santuri na kaseti, kisha kwenye CD, kisha CD tena iliyoongezwa nyimbo.

Na nyie mnaokuja na "ile ya zamani ina uhalisia wake", njooni na wimbo mmoja tu wa gitaa za umeme ambao miksi ya 1985 inaushinda wa Stasium. Msiniletee "Here Comes a Regular", ule hauna hata ngoma za kuzika.