Kitabu kinanifanya nikumbuke enzi ambazo hata sikuwepo, ni mimi tu?

Jani_Kavu: Wakuu habari. Nimemaliza riwaya moja ya zamani, wala si ya ajabu sana, jamaa kaandika barua kaituma basi anasubiri majibu sura tatu nzima, kila siku anaenda kuulizia anarudi mikono mitupu. Mimi nimekua simu zipo, sijawahi kusubiri barua hata siku moja ila nilivyofunga kile kitabu nikashikwa na majonzi kama nimefiwa. Sasa unatamanije kirudi kitu ambacho hukukiona?? Na nyie mkitaka kukumbuka zamani mnasoma nini?

KobeMzee: Hauko peke yako mkuu. Kinachokuvuta sio barua, ni kule kusubiri, maana yeye akisubiri na wewe unasubiri naye kurasa arobaini. Halafu mwandishi anayejua kazi hakwambii zamani kulikuwa raha, anakuonyesha mtu analamba stempu, anaibandika, anaisugua na kidole gumba, anaishika bahasha kidogo kabla ya kuidumbukiza, basi kwisha habari yako. Ukikuta kitabu kila ukurasa "enzi hizo watu walipendana" hiyo ni hotuba, weka chini.

Daftari: Hii hali wazungu wanaiita nostalgia na mwanzoni ilikuwa ugonjwa kabisa, mwaka 1688 daktari mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, ndo alilitunga hilo neno kwa Kigiriki, kurudi nyumbani + maumivu. Wagonjwa wake walikuwa watu walio mbali na kwao, usingizi hakuna, kula hawali. Ila wale dawa yao ilikuwepo, kurudishwa kwao. Sisi tunaolilia wakati turudishwe wapi sasa 😂

mama_wawili: Mimi nasoma vya utotoni. Kuna kimoja nilikuwa nakumbuka msitu mkubwaaa una giza, mizizi inapanda juu kama nyoka, juzi nimekirudia aisee huo msitu una sentensi mbili tu! Mengine yote nilijazia mwenyewe nikiwa mtoto. Ila ile harufu ya karatasi kuukuu iko palepale (nasikia ni lignini ya kwenye karatasi ikioza inatoa vitu kama vanilini ndo maana inakuwa kama vanila) na ukurasa wa mwisho kuna jina langu kwa penseli, herufi moja imegeuka nyuma mbele. Hapo ndo nililia, sio kwenye hadithi.

Sina_Haya: Samahani naharibu sherehe. Hizo enzi za barua mnazozililia wangapi walikuwa wanajua kusoma? Mwingine barua ya mumewe anasomewa na mtoto wa jirani, siri zote nje. Riwaya nyingi zinatuonyesha aliyekaa mezani na kalamu, aliyeifuta hiyo meza haongei. Mimi napenda zilizoandikwa na watu wa wakati uleule, utakuta na wao wanalalamika vijana wameharibika bora zamani 😂

Jani_Kavu: @Sina_Haya daah umenimaliza. Nimerudi kuangalia, mle ndani kuna mpishi, anatajwa mara mbili tu, analeta taa halafu anatoka. Jina hana. Sasa usingizi umekata, mwenye riwaya ambayo mpishi ndo anasimulia aniambie