Fundi wa duka kanifungia hita ya gesi kwa bomba la maji machafu, mama'ngu kidogo atutoke

Assalamu alaykum. Mnisamehe lugha yangu, naandika na hasira.

Mwezi uliopita nimenunua hita ya gesi ya kuchemshia maji kwenye duka moja hapa mjini Unguja, laki tatu na nusu taslimu, risiti ninayo. Mama anaumwa na viungo, na kusi likishaanza maji ya baridi hayawezi. Fundi kaja na gari ya duka, kaifunga ndani ya choo, nusu saa kamaliza. Bomba la kutolea moshi katia lile la plastiki la kijivu, la maji machafu, kalipenyeza kwenye silingi ya plaiwudi, mdomo wake kauelekeza kusini. Nikamuuliza, mbona plastiki? "Bwana we, nimeshafunga nyumba ngapi hizi!"

Ijumaa baada ya Magharibi mama katoka kuoga anapepesuka, kichwa kinamgonga, roho inamchafuka. Tukasema presha. Kupimwa, presha iko sawa. Jumapili yakawa yale yale, nikachukua ngazi nikafungua silingi.

Jamani! Bomba limelainika, limelala, kiungo kimeachia, na moshi wote unabaki mle juu. Plaiwudi imefanya duara jeusi, nikaigusa ikamomonyoka vidoleni kama ukoko uliounguwa. Mbao ikipikwa hivyo kila siku, inafika pahala inashika moto kwa joto ambalo mbao nzima ingelistahamili.

Na moto wa hita ni wa manjano, masizi yametanda. Moto wa gesi uliokaa sawa ni wa buluu. Ukiwa wa manjano basi hewa haitoshi, na hapo ndipo inapotoka kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu. Ile harufu ya mtungi tuliyoizoea inatiwa makusudi ili ukivuja tujue. Mama ananiuliza, "Mwanangu, mbona sikunusa kitu?" Usingenusa, mama. Kusi linaurudisha moshi ndani, choo chenyewe kidirisha kimoja.

Nimekwenda dukani. "Sisi tunauza tu, fundi mmekubaliana wenyewe." Tumekubaliana wapi, na mtu kashuka kwenye gari yenu kavaa fulana yenu? Kijana wa kaunta ananambia niwe nafungua dirisha. Dirisha! Ndani ya boksi mna karatasi ya maelekezo, imechorwa bomba la chuma. Nimeikuta bado imo ndani ya nailoni yake, hata kuifungua hakuifungua.

Nataka pesa yangu, na hilo ni dogo. Kubwa, wazunguke nyumba zote walizofunga, maana fundi mwenyewe kajisifu ni nyingi, na humo wamo wazee na watoto wanaoga mlango umefungwa.

Kama na wewe umefungiwa na fundi wa duka, duka lolote lile, funga mtungi leo, subiri bomba lipoe, kisha panda ukatazame juu ya silingi.