Mauser .275, BRNO .375 au .303 ya zamani: ipi nibaki nayo?

Nyasi_Ndefu (Masindi)
Wazee na ndugu, salaam. Baba mdogo alifariki mwaka jana akaacha bunduki tatu za kuwindia, zote za bolti, zile za kukoki kwa mkono. Tulizipeleka polisi mara tu baada ya matanga na ziko stoo mpaka leo. Ukoo umekaa ukaamua: moja niiombee leseni kwa jina langu, mbili ziuzwe kwa watu wenye vibali. Nisaidieni kuchagua.

Ya kwanza ni Mauser 98 ya Rigby wa London, .275 (upana wa mtutu kwa inchi), nyepesi, kitako kimepauka lakini bolti inateleza hata kwa kidole kimoja. Ya pili BRNO ZKK 602, .375 H&H, ina darubini, na uzito wake si wa mchezo. Ya tatu Lee-Enfield No. 4, .303, ile ya magazini ya risasi 10. Kuna mtu aliipunguza mbao za mbele zamani iwe ya porini.

Matumizi yangu ni nsunu na kuro (swala wakubwa) upande wa mto Kafu, nzohe (swala wa majini) kwenye mafunjo, na Mungu akijalia, nyati mmoja Karamoja. Kila kitu kwa kibali cha UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) kupitia kampuni yenye eneo la uwindaji, sitaki maswali ya ujangili hapa.

Fundi_wa_Walukuba (Jinja)
Pole na msiba. Halafu usimwahidi mtu yeyote hiyo Rigby kabla hatujamaliza kuzungumza.

Sifa ya Mauser 98 iko kwenye ule ukucha mrefu ubavuni mwa bolti. Risasi ikipanda tu kutoka magazini, ukucha unaikamata kwenye kitako chake na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Ukisukuma bolti nusu njia, ukashtuka, ukairudisha, risasi inarudi nayo. Sasa chukua Remington 700 ya 1962: bolti yake inaisukuma risasi mbele bila kuishika. Ukirudisha kabla hujafunga, ya kwanza inabaki chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu), ya pili inakuja kuigonga kwa nyuma, umekwama. Kwenye uwanja wa shabaha utacheka. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa hutapata nafasi ya kucheka.

Winchester waliuondoa ukucha huo kwenye Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama. Wateja walinung'unika miaka mingi, na Model 70 za kabla ya hapo zinatafutwa hadi leo. BRNO yako inao ukucha huo, kwa hiyo upande huu wewe una mbili nzuri.

Kuhusu jina, .275 Rigby ni 7x57 (vipimo vya milimita) ya Mauser ya mwaka 1892, Waingereza waliibatiza tu. Kama mtutu haujabadilishwa, boksi lililoandikwa 7x57 ndilo lako. Lakini .275 H&H ni risasi nyingine kabisa, ganda lake lina mkanda chini, usikubali muuzaji akuchanganye. Na usisome karatasi za marehemu, soma mtutu wenyewe kwa kioo cha kukuzia.

Mzee_Skauti (Arua)
Vijana wameidharau .303 kabla hata haijatajwa vizuri. Mimi nimeibeba nikiwa askari wa wanyamapori, na nawaambia hakuna bunduki ya bolti inayoishinda kwa risasi ya pili. Mkono wa bolti unainuka kidogo tu, mwendo wake mfupi, na springi inavutwa unaposukuma mbele, si unapofungua. Mauser inabidi uinue mkono kwa nguvu, hasa ikiwa na moto.

Ila ina masharti. Ganda la .303 lina ukingo. Unapopakia magazini, ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma, zinanasana, na hutazitenganisha kwa kusukuma bolti hata ulie. Tulikuwa tunapakia mchana, taratibu, moja moja, tukipapasa kwa kidole gumba.

Kitu kingine: akikuletea mtu risasi za kijeshi za zamani, fataki zake (kile kidude cha kuwashia baruti) zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaondoi chumvi. Chemsha maji, mimina kwa faneli kuanzia upande wa chemba, pitisha kitambaa mtutu ukiwa bado wa moto, ndipo upake mafuta. Fanya jioni ileile. Ukilala nayo hivyo kwa unyevu wa kando ya Nile, asubuhi unaona rangi ya kahawia kwenye kitambaa.

Dada_Shabaha (Entebbe)
Shikamoo Mzee. Nakubali yote, lakini mnazungumza chuma tu. Mimi naanza na duka: risasi gani utazipata mwakani na mwaka unaofuata? Bunduki bila risasi ni fimbo ya bei ghali. Hapa .375 haikosekani kwa muda mrefu kwa sababu wawindaji wa kitalii wanaitumia. Hiyo 7x57 utaagiza na kusubiri. .303 nzuri, mpya, yenye risasi laini ya kuwindia, nayo si ya kuokota.

Pia leseni inafuata bunduki, na bunduki ina namba. Mtu mwenye chini ya miaka 25 hapewi, hilo najua halikuhusu. Barua inaanza kwa LC1 (mwenyekiti wa kijiji), inapita kwa DPC (mkuu wa polisi wa wilaya) na wenzake wa usalama, mpaka Naguru, makao makuu ya polisi, kwa IGP (mkuu wa polisi). Namba ya bolti na namba ya mwili wa bunduki zikitofautiana, jiandae kueleza. Tangu agizo la rais la 2018 kwamba bunduki zote ziwekewe alama za utambuzi, ofisa anayekupokea anaangalia kwa makini kuliko zamani, na sawa tu.

Halafu teke. Risasi ya .375 ina gramu 19 na zaidi kidogo, inatoka kwa kama mita 770 kwa sekunde. Ya 7x57 ina gramu 9, kasi yake mita 800 na kitu. Teke la .375 ni zaidi ya mara mbili. Nimeona wanaume wenye mabega kama milango wanafumba macho kabla hawajafyatua, kisha wanalaumu darubini. Kwa nsunu unahitaji bunduki ambayo uko tayari kuipiga kila mwezi.

Kaskazini_Mashariki (Moroto)
Mnazunguka bila kumtaja Bell? Huyu Mskoti alikuja huku Karamoja miaka ya mwanzo ya 1900, mpaka wakamwita Karamoja Bell, na tembo zaidi ya 1,000 aliowaua maishani, wengi aliwaua kwa hiyohiyo .275. Sasa nyati ni nini? Chukua Rigby, funga mjadala.

Mzee_Skauti (Arua)
Kijana, usimwue mwenzako kwa hadithi. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, alitumia risasi ngumu ndefu zinazopenya moja kwa moja, na alipiga mnyama aliyetulia asiyemjua mtu. Nyati wa leo anajua gari, anajua harufu ya mafuta ya bunduki. Na ukimpiga vibaya haondoki, anazunguka anakungoja. Kwa nyati, .375 na kuendelea. Wenzetu Tanzania wameiweka hiyo kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari na hakuna anayewacheka.

Kaskazini_Mashariki (Moroto)
Nimekusikia Mzee, naondoa la nyati. Lakini kwa nsunu na nzohe nabaki palepale. Na wewe Nyasi_Ndefu, ukija huku na bunduki yoyote, beba makaratasi yote, nakala na asili, na upite polisi kabla hujapita porini. Kwetu silaha imeleta vilio, operesheni za kunyang'anya bunduki tumeziishi. Mtu mwenye bunduki begani bila maelezo hapati salamu.

Nyasi_Ndefu (Masindi)
Asanteni sana. Kama nawaelewa, .303 inaenda kwa mnunuzi. Mzee Skauti anisamehe. Kati ya mbili zilizobaki, moyo uko kwa Rigby, akili iko kwa BRNO. Rigby haina darubini. Nikiipeleka kwa fundi aitoboe niweke?

Fundi_wa_Walukuba (Jinja)
Banange, usiitoboe! Rigby ya asili yenye mashimo mapya inapoteza thamani siku hiyohiyo. Na kama bado ina sefti (kizuizi cha kufyatua) ya bawa ya Mauser, ile inayosimama wima nyuma ya bolti, itagonga darubini, kwa hiyo utabadilisha na sefti, pengine na mkono wa bolti uupindishe. Mwisho wake umeharibu kitu kizuri ili upate kitu cha kawaida. Hizo zilitengenezwa kwa kulenga kwa macho. Kwenye nyasi za Kafu unasogea mpaka karibu, unaegemeza kwenye fimbo tatu, unapiga chini ya mita 100. Macho yanatosha. Nzohe alfajiri kwenye jukwaa ndiyo taabu, kiza kile kinataka darubini.

Dada_Shabaha (Entebbe)
Basi hapo umeijibia BRNO. Yenyewe ina reli zake juu ya mwili, darubini inakaa bila kutoboa kitu. Ila nitoe tahadhari moja ambayo watu hawaambiwi: sefti ya ZKK 602 inafanya kazi kinyume. Mbele ni salama, nyuma ni tayari. Mtu aliyezoea nyingine anasukuma mbele mnyama anapotokea, anavuta kifyatulio, kimya. Au mbaya zaidi, anairudisha nyuma akidhani ameifunga. Kama itabaki kwako, izoee hiyo peke yake, usichanganye na nyingine. Na darubini iwe mbali na uso. Ikikaa karibu, .375 itakuchora nyusi.

Kura yangu: Rigby ibaki, BRNO iuzwe. Nyati ni mmoja, na siku hiyo utakodi .375 kwa kampuni itakayokupeleka. Nsunu utawapiga kila msimu. Na BRNO ndiyo itakayopata mnunuzi haraka, hela yake inunue risasi za 7x57 kwa mkupuo.

Mzee_Skauti (Arua)
Mimi ningeshika BRNO. Bunduki ya kukodi huijui, haikujui. Lakini sikatai hoja ya dada.

Fundi_wa_Walukuba (Jinja)
Kabla ya kuamua lolote, omba kuzikagua hapo stoo mbele ya afande. Toa bolti, chungulia mtutu kuelekea dirishani, mifuo ya ndani inayozungusha risasi ionekane mikali hadi mdomoni na pia karibu na chemba, maana hapo ndipo huliwa kwanza. Angalia kitako nyuma tu ya chuma, hasa BRNO, kama kuna ufa mwembamba umejificha kwenye mafuta meusi. Halafu chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na mbao. Ikipita kavu upande mmoja ikagoma upande wa pili, mbao imevimba kwa unyevu na inausukuma mtutu, shabaha itahama kila mvua ikinyesha. Hiyo inatengenezeka. Mtutu ulioliwa hautengenezeki.

Ikiwa Rigby imepona huko kote, ipige kwa mita 100 ikae sentimita 5 juu ya ulipolenga, na itakuwa imekaa sawa karibu na mita 180. Nitumie picha ya maandishi ya mtutu ukitoka huko, namba zifiche.

Nyasi_Ndefu (Masindi)
Nimeomba nafasi kwa DPC, ameniambia Jumanne. Noti ya elfu moja ninayo.