Madevelopa acheni kusingizia modeli, someni kwanza maelezo mliyoandika kwenye zana zenu

Wakuu, leo naongea maana nimechoka kabisa. Kila ejenti ya AI (programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa kuita zana, yaani fankshen ulizoiandikia) ikiboronga lawama zote zinaenda kwa modeli, mara "modeli haina akili", mara "tuweke kubwa zaidi", wanaweka kubwa zaidi, bili inapanda, na kosa ni lile lile. Hakuna hata mmoja aliyefungua faili la zana akasoma kilichoandikwa mle ndani.

Mimi nimelifungua. Nimekabidhiwa ejenti ya huduma kwa wateja iliyojengwa na timu nyingine, nakuta zana inaitwa pata_data na maelezo yake yote ni "Inapata data." Basi, imeisha hiyo. Data gani, ya nani, ikikosa inarudisha nini? Chini yake kuna leta_taarifa, "Inaleta taarifa." Ikabidi nisome kodi nzima ya programu ndo nijue kumbe moja inasoma oda na nyingine inasoma wasifu wa mteja. Sasa mteja anauliza mzigo wangu umefika wapi, ejenti inaita ile ya wasifu, inapata jina na barua pepe, halafu kwa kuwa lazima ijibu kitu inajibu tu kwa kubahatisha kwamba mzigo uko njiani. Watu wanapiga kelele modeli inadanganya! Wewe mwenyewe binadamu ungechagua ipi hapo?

Jamani modeli haioni kodi yako. Inachoona ni jina la zana, maelezo, na skima ya paramita (orodha ya vitu vya kujaza na aina zake), hakuna kingine. Tangu OpenAI walete utaratibu wa kuita fankshen mwaka 2023 mpaka MCP ya Anthropic, ule utaratibu wa pamoja wa kuunganisha zana na modeli, iliyotangazwa Novemba 2024, ni hayo hayo matatu. Komenti ulizotupia katikati ya kodi hazifiki, mliyokubaliana kwenye kikao hayafiki, kile ambacho "kila mtu kwenye timu anakijua" hakifiki. Na kwenye MCP sehemu ya maelezo wala si lazima, ukiiacha tupu zana inapita vizuri tu, ndo maana watu wanaziacha tupu na wanalala usingizi.

Iliyonitia hasira kuliko zote ni zana ya kurudisha pesa. Paramita inaitwa kiasi, aina yake namba, maelezo hakuna. Nyuma yake kuna API (mlango ambao programu zinapitia kuongea na mfumo wa malipo) inayohesabu kwa senti. Kuhesabu kwa senti si tatizo, hata Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wanapokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, ila wao wamekiandika wazi kila mtu akione. Hawa wetu hawakuandika popote, mteja anadai 40 zake ejenti ikatuma 40, akarudishiwa senti arobaini, akalalamika kwa haki yake, ejenti ikaona labda haikwenda ikatuma tena, na hakuna sehemu iliyosema kwamba kuiita mara mbili ni kulipa mara mbili. Sentensi mbili tu zingemaliza hilo: "Kiasi kiandikwe kwa senti, 40 kamili ni 4000. Kila ukiita pesa inatoka upya, usirudie bila kuangalia hali ya muamala." Mtu anayejenga kitu kinachogusa pesa za watu anashindwa kuandika sentensi mbili?

Tarehe nayo ni vurugu tupu. Fildi inaitwa tarehe, aina maandishi, ejenti inaleta 03/04/2025, hiyo ni tarehe 3 Aprili au ni Machi 4? ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ipo tangu 1988, andika mwaka-mwezi-siku na uweke mfano 2025-04-03 mambo yaishe. Hali ya oda ndo hivyo hivyo, mfumo unakubali thamani nne tu lakini wameiacha wazi, na wakati JSON Skima, ile lugha ya kueleza paramita, ina enum, yaani orodha ya thamani zinazoruhusiwa, kwa kazi hiyo hiyo. Halafu ejenti ikikosea inarudishiwa "Eror 400", bila kuambiwa fildi ipi na inatakiwa iweje, sa itajirekebishaje?

Na kuna wale wa upande wa pili, wanamwaga dokumentesheni nzima kwenye maelezo ya zana moja, inakula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli inasoma na wewe unalipia) kila mazungumzo na sentensi muhimu imezama katikati. Au kila zana imeandikwa kwa herufi kubwa MUHIMU SANA ITUMIE HII KWANZA, zote zikiwa za kwanza ejenti ifuate ipi?

Hii hapa nimeiandika mwenyewe kuchukua nafasi ya pata_data, sasa inaitwa tafuta_oda:

"Inatafuta oda za mteja mmoja kwa namba ya oda au namba ya simu. Itumie mteja anapouliza hali ya mzigo au malipo. Haibadilishi chochote, kubadilisha tumia badili_oda. Inarudisha oda zisizozidi 20, mpya zinaanza. Orodha tupu maana yake hakuna oda, muombe mteja ahakiki namba, usikisie hali ya mzigo."

Modeli ni ile ile, sijaigusa, na ejenti imeacha kuchanganya oda na wasifu. Kazi yenyewe haichukui hata muda wa kikao kimoja cha kujadili modeli ipi inunuliwe.

Kwa hiyo nyie mnaotuletea zana, anzeni na zile zinazogusa pesa na zile zinazofuta vitu. Mpe mtu ambaye hajawahi kuona mfumo wenu asome maelezo peke yake bila kodi, akishindwa kusema zana inatumika lini na inaharibu nini ikitumika vibaya, irudi ikaandikwe upya. Mimi kuanzia sasa zana ya malipo isiyosema kiasi kiko kwa kipimo gani siiunganishi, anayetaka kugombana aje tugombane.